Takataka ni Habari Njema: Mhadhara juu ya Poti ya Siriali Iliyogoma



Kompyuta nyingi zinazouzwa madukani siku hizi hazina tena lile tundu la pini tisa lenye umbo la herufi D. USB ilipotoka mwaka 1996, watu walisema mrithi amepatikana. Lakini nenda kwenye mizani ya magari. Nenda maabara ya hospitali ambako mashine ya kupima damu hupeleka majibu kwenye kompyuta. Mtafute fundi wa mtandao anayeamsha ruta ya Cisco isiyofikika kwa njia nyingine yoyote. Wote hao wanaishi na poti ya siriali, hata kama imejificha ndani ya adapta ya USB ya ukubwa wa kidole gumba.

Na ikigoma, huwa inagoma bila kutoa sababu. Hapo ndipo kazi yetu inapoharibika. Fundi anaitwa kwa kuwa uzito hausomeki kwenye kompyuta. Anafuta draiva na kuiweka upya. Haikusaidia. Anazima kompyuta na kuiwasha. Anabadilisha kebo, kisha adapta, kisha mipangilio ya mizani ambayo haikuwa na kosa lolote. Ikifika jioni vitu vinne vimebadilishwa, na hata kama kimojawapo ndicho kilichokuwa kibovu, sasa kipo kibovu kipya. Ninachowaomba leo ni kimoja tu: kabla ya kugusa chochote, tazameni ugonjwa wenyewe ni wa namna gani. Je, ni kimya kabisa? Ni takataka, yaani herufi zinakuja ila hazisomeki? Au ni mazungumzo ya nusunusu, yanayoanza vizuri na kukatika? Kila namna ina ukoo wake wa sababu, na koo hizo hazioani mara nyingi.

Tuanze na jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, kwa maana bila hilo dalili hazisomeki.

Kanuni ya RS-232 ilitolewa Marekani mwaka 1960 na EIA, chama cha viwanda vya elektroniki, kwa ajili ya kuunganisha teleprinta na modemu. Toleo lililoenea kuliko yote, RS-232-C, ni la mwaka 1969. Kwa hiyo kanuni hii ilikuwepo kabla ya kompyuta ya mezani. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 iliikuta na kuichukua, na modeli ya AT ya mwaka 1984 ndiyo iliyotuletea kiunganishi cha pini 9 badala ya kile cha 25. Waliotunga kanuni walieleza volti na kazi ya kila waya. Hawakuamuru kasi moja ya lazima, wala herufi iwe na biti ngapi. Hayo waliwaachia wenye vifaa wakubaliane, na kutokukubaliana huko ndiko kunakotupa ajira hadi leo.

Waya wa kutuma unapopumzika hukaa kwenye volti hasi, kati ya −5 na −15. Hali hiyo ndiyo biti ya 1. Biti ya 0 ni chanya, kwa kiwango kilekile. Mpokeaji huridhika na chochote kinachopita volti 3 upande wowote. Herufi inapotaka kutoka, waya huruka kwenda chanya kwa muda wa biti moja; hiyo ni biti ya kuanza. Mpokeaji akiiona anaanza kuhesabu kwa saa yake mwenyewe: biti ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya nane, kisha anatarajia waya urudi hasi kwa biti ya kusimama. Kwa kasi ya 9600 kila biti huchukua mikrosekunde 104 hivi, na kwa kuwa herufi moja pamoja na biti zake za kuanza na kusimama ni biti 10, zinapita herufi 960 kwa sekunde.

Angalieni kinachokosekana hapo. Hakuna waya wa saa. Hakuna anayetangaza kasi. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa mipigo ya kupokezana: kila mmoja anashika mapigo kichwani mwake, na wakipishana kidogo michi inagongana. Kila biti ya kuanza inawapa nafasi ya kujipanga upya, ndiyo maana saa zao hazihitaji kulingana sawasawa. Lakini tofauti ya jumla ikikaribia asilimia 5, mpokeaji akifika kwenye biti ya mwisho anakuwa anasoma ya jirani. Na mtumaji hana njia ya kujua kuwa amekosewa. Mtumaji ametuma, roho yake imetulia.

Sasa tuje kwenye kimya.

Sababu za upande wa programu ni rahisi, nitazipita haraka. Poti moja hushikwa na programu moja kwa wakati mmoja. Kama programu ya mizani imebaki wazi nyuma ya dirisha jingine, ya kwako itaambiwa hairuhusiwi kuingia. Kwenye Linux za ukoo wa Debian na Ubuntu, mtumiaji asiyekuwa kwenye kundi la dialout atakataliwa vilevile, na hilo halina uhusiano na ubovu wowote. Kwenye Windows, namba ya COM huhamahama: karani amechomoa adapta ili achomeke flashi, ameirudisha kwenye tundu la jirani, na COM3 imekuwa COM7. Hilo huzipata sana adapta zenye chipu ya CH340, kwa sababu kwa kawaida hazina namba ya utambulisho ya pekee, hivyo Windows hudhani imepata mgeni kila tundu linapobadilika. Dawa ni kuweka alama ya rangi kwenye tundu moja na kumwomba karani aliheshimu. Upande wa Linux tumieni njia za /dev/serial/by-path badala ya kutegemea ttyUSB0.

Hayo yakishakaguliwa na kimya bado kipo, msirudi kwenye draiva. Nendeni kwenye jaribio ambalo gharama yake ni kipande cha waya.

Chomoeni kebo upande wa kifaa, si upande wa kompyuta, ili kebo nayo iingie kwenye mtihani. Kwenye ncha hiyo unganisheni pini ya 2 na ya 3. Fungueni programu ya kuzungumza na poti, PuTTY kwa mfano, ondoeni udhibiti wowote wa mtiririko, kisha andikeni herufi chache. Kila mnachokiandika kinatoka pini moja na kurudi kwa nyingine. Herufi zikionekana kwenye skrini, basi kompyuta, draiva, adapta na kebo vyote havina hatia, na mmefunga nusu ya kesi kwa dakika mbili. Lakini kuna hatua ya pili ambayo wengi huisahau: ondoeni kile kipande cha waya, mwandike tena. Herufi zikiendelea kuonekana, basi mlikuwa mnatazama mwangwi wa programu yenyewe, na jaribio lote halikuthibitisha kitu.

Jaribio hili lina mpaka wake. Mtumaji na mpokeaji hapo ni chipu moja yenye saa moja, kwa hiyo litafaulu kwa kasi yoyote mtakayoweka. Halisemi chochote kuhusu kasi ya mizani, wala kama kebo ni ya aina inayokifaa kifaa.

Baada ya waya, mita. Naona vijana wengi hutoa mita kupima betri tu, kumbe kwa RS-232 ni kifaa cha uchunguzi wa hali ya juu. Wekeni mita kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Mkono mweusi kwenye pini ya 5, ambayo ni graundi. Mkono mwekundu kwenye pini ya 3 ya kompyuta: mtaona volti hasi iliyotulia, −5 kwa adapta za bei rahisi, −10 au zaidi kwa poti za zamani. Hiyo pini ndiyo mdomo wa kompyuta. Pini ya 2 ni sikio lake, nayo ikiwa haijaunganishwa husoma karibu na sifuri. Sasa fanyeni hivyohivyo kwenye kifaa peke yake. Kama volti hasi ipo kwenye pini ya 2, kifaa kinaongea penye sikio la kompyuta, na kebo iliyonyooka inatosha. Kama ipo kwenye pini ya 3, basi vyote viwili vinaongea kwenye waya mmoja na hakuna anayesikiliza wa pili. Mnahitaji kebo iliyokatishwa, ile ambayo 2 imekwenda 3 na 3 imekwenda 2. Kebo hizi mbili kwa nje hufanana kabisa. Lebo zake zimeniangusha moyo mara nyingi mno, kwa hiyo mimi huziamini nikishazipima.

Mita itawaambia na jambo jingine. Kifaa kikipumzika kwenye +3.3 au +5 badala ya hasi, hicho si RS-232 hata kama mwenyewe anakiita siriali. Ni bodi inayoongea moja kwa moja kutoka kwenye chipu yake, na hasi na chanya zake zimegeuzwa. Inahitaji kigeuzi katikati, mfano MAX232 kwa bodi ya volti 5. Mkiiunganisha kavukavu na poti ya kompyuta, volti 10 za upande wa pili zinaweza kuiunguza.

Nikiri kwamba kuna kimya ambacho si kimya. Mashine nyingi za maabara huanza mazungumzo kwa kutuma alama moja tu, ENQ, yenye namba 5. Alama hiyo haina sura ya kuonekana kwenye skrini. Mashine husubiri ijibiwe ACK, yenye namba 6, na isipojibiwa huacha kutuma. Mtu anayetazama dirisha la kawaida ataapa kwamba waya umekufa, kumbe mashine imebisha hodi na haikukaribishwa. Tumieni programu inayoonyesha kila baiti kwa namba yake. Mizani nayo ina tabia inayokaribiana na hiyo: nyingine hutuma uzito mfululizo, nyingine husubiri mtu abonyeze kitufe cha kuchapa, nyingine husubiri amri kutoka kwenye kompyuta. Kabla ya kuihukumu, someni menyu yake.

Nimekaa sana kwenye kimya. Sasa ile sehemu ninayoipenda.

Takataka ni habari njema. Mteja ataona alama za ajabu na kusema mashine imechanganyikiwa, lakini fundi anapaswa kutabasamu. Takataka ina maana kwamba kebo imefika, mdomo umekutana na sikio, volti zinatosha, poti imefunguliwa. Kilichobaki mara nyingi ni mapatano ya kasi na umbo la herufi, na mapatano hayahitaji bisibisi.

Chukueni mfano huu. Kisanduku cha mizani kinaonyesha 1250.5 kg. Kwenye skrini ya kompyuta panatokea ±²50.5 ëç. Mwenye haraka atasema ni kelele za umeme. Lakini kelele za umeme haziwezi kuwa na nidhamu namna hii: 5 imefika salama mara mbili, sifuri imefika, nukta imefika. Acheni mizani ihesabu, mwandike zinazofika na zisizofika. Mtakuta 0, 3, 5, 6 na 9 huwa sahihi siku zote, na 1, 2, 4, 7 na 8 huharibika siku zote, kila moja kwa alama yake ileile.

Sababu ni hii. Mizani nyingi za zamani hutuma herufi kwa biti saba na kuongeza ya nane kama mlinzi, iitwayo pariti. Pariti ya shufwa huhakikisha kwamba jumla ya biti za 1 inagawanyika kwa mbili bila baki: kama zimetimia jozi, mlinzi ni 0, kama kuna moja iliyobaki peke yake, mlinzi ni 1. Tarakimu 5 kwa lugha ya mashine ni 0110101, ina moja nne, mlinzi wake ni 0. Tarakimu 1 ni 0110001, ina moja tatu, mlinzi wake ni 1. Sasa kompyuta imepangwa kusoma biti nane bila pariti. Haimjui mlinzi, inamhesabu kuwa sehemu ya herufi. Palipo na mlinzi 0 herufi haibadiliki. Palipo na mlinzi 1, namba ya herufi inaongezeka kwa 128, na 1 inakuwa ±, 2 inakuwa ², k inakuwa ë, g inakuwa ç. Badilisheni mpangilio wa kompyuta uwe biti saba na pariti ya shufwa, na mambo yamekwisha.

Kosa hilohilo lina madhara yasiyoonekana. Alama ya kumaliza mstari, yenye namba 13, nayo ina biti za 1 tatu, kwa hiyo hufika ikiwa 141. Programu ya kupokea uzito mara nyingi imeandikwa isubiri 13 ndipo itambue kuwa kipimo kimekamilika. Itasubiri milele. Mteja atawaambia hakuna kinachofika, wakati kila kitu kinafika. Ndiyo maana nasema msisikilize malalamiko ya programu ya biashara. Fungueni poti kwa programu tupu mwone baiti zenyewe.

Kasi ikipishana, sura ya takataka ni nyingine, na hapo hesabuni idadi ya herufi badala ya kutazama maumbo yake. Kompyuta ikisikiliza polepole kuliko mizani inavyoongea, herufi kadhaa humezwa kuwa moja, kwa hiyo mtaona chache kuliko zilizotumwa. Ikisikiliza kwa haraka mno, herufi moja hupasuliwa vipande, na mtaona nyingi, tena nyingi ya hizo zikiwa sifuri tupu, kwa kuwa biti moja ndefu ya 0 huonekana kama biti nyingi fupi. Kwa hiyo mnajua mpande au mshuke. Anzeni 9600, kisha 4800, 2400, 1200. Nadra mtapita hapo kwa mizani. Aliye na osiloskopu atume herufi U mfululizo: biti zake hupishana moja na sifuri, na kwenye kioo yatatokea mawimbi ya mraba yanayopimika kwa urahisi. Kwa 9600 mtasoma hezi 4800.

Na takataka isiyo na nidhamu, ile inayotokea mara moja kwa saa, au kila mota ya jirani inapowashwa? Hiyo ni graundi na kebo. Nitaifikia.

Mazungumzo ya nusunusu mara nyingi huletwa na udhibiti wa mtiririko, yaani utaratibu wa upande mmoja kumwambia mwenzake angoje. Upo wa waya, unaotumia pini ya 7 na ya 8, na upo wa herufi, ambapo namba 19 ni simama na 17 ni endelea. Ukiwashwa wa waya wakati kebo ina nyaya tatu tu, kompyuta itasubiri ruhusa isiyokuja. Programu ya minicom huja ikiwa imeuwasha, na ndiyo sababu watu husoma maandishi ya ruta vizuri kabisa lakini wanachoandika hakiendi. PuTTY nayo huja na ule wa herufi: mtu akibonyeza Ctrl na S kwa bahati mbaya, skrini inaganda na yeye anatafuta kebo mpya. Uzimeni wote mpaka kifaa chenyewe kitakapouhitaji.

Kuhusu adapta za USB nina neno, na si la kiufundi tu. Chipu za FTDI na Prolific zimeigwa sana. Oktoba 2014, draiva mpya ya FTDI ilisambazwa kupitia masasisho ya Windows, na ilipokutana na chipu bandia iliibadilisha namba yake ya utambulisho kuwa sifuri, hata kompyuta nyingine zisiitambue. Baada ya kelele draiva iliondolewa. Kampuni ina haki ya kulinda kazi yake, sibishani na hilo. Lakini aliyeadhibiwa hakuwa mwiga. Alikuwa karani aliyenunua adapta sokoni bila kujua ndani kuna nini, na mashine iliyokuwa ikifanya kazi jana ikakataa leo. Prolific walichagua njia ya upole kidogo: draiva yao mpya inakataa tu kuanza, na Device Manager inaonyesha kosa namba 10. Mkiliona hilo, msihangaike na kebo. Mjue pia kwamba lile kosa linazipata hata chipu halisi za zamani ambazo draiva mpya haizihudumii tena.

Nimalizie na umbali, na ile takataka isiyo na nidhamu niliyoahidi kuifikia. RS-232-C ilikusudia kebo ya mita 15 hivi. Mizani ya magari iko uwanjani, ofisi iko kwenye kona ya ua, na kati yao kuna mita 50 za kebo iliyozikwa pamoja na waya wa umeme. Kwa kasi ndogo inafanya kazi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu inafanya kazi hadi masika. Graundi ya uwanjani na graundi ya ofisini haziko kwenye volti sawa. Radi ikipiga hata mbali, tofauti hiyo hupanda ghafla na kutafuta njia, na njia iliyo wazi ni pini yenu ya 5. Asubuhi mtapima pini ya mdomo na kukuta sifuri. Chipu ya kutuma imeungua, na hakuna mpangilio utakaoifufua.

Kwa umbali huo tumieni RS-485, kanuni ya mwaka 1983, inayotuma alama kwa jozi ya nyaya na kusoma tofauti kati yao, ikifika hata mita 1,200 kwa kasi ndogo. Wekeni kigeuzi kila ncha, na kigeuzi kiwe na kitenganishi, ili umeme wa uwanjani usipate mlango wa kuingia ofisini. Kinga ya kebo ifungwe graundi upande mmoja tu. Na kebo isilale mfereji mmoja na umeme wa kuendeshea mota, hata kama mwenye ua anasema kuchimba mwingine ni usumbufu.

Kwenye meza ya mbele nimepanga mizani moja, kebo mbili zinazofanana na adapta nne. Baadhi nimeziharibu kwa makusudi. Mita zipo, vipande vya waya vipo. Karibuni wawili wawili, na draiva zisiguswe.